Stika ya Bwana Theophil

Ignasi aliiona fursa siku ambayo kijiwe kizima kilinyamaza.

Si jambo dogo hilo. Kijiwe cha kahawa cha Twaha, pale konani Mchafukoge, mbele ya duka la kava za simu, hakijulikani kwa kunyamaza. Pale bajeti ya serikali husomwa, hupingwa na kupitishwa kabla kashata ya kwanza haijaisha. Mawaziri huteuliwa asubuhi, na wengi wao hawafiki adhuhuri bila kutumbuliwa. Kila mtu hufika na habari aliyoamka nayo. Huyu kaitoa kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji wenzake, yule katumiwa na shemeji yake wa Dodoma, mwingine kaiona kwenye mtandao ule ambao siku hizi haufunguki mpaka uwashe VPN. Huyo wa VPN ndiye anayeaminiwa zaidi, kwa kuwa habari iliyopatikana kwa shida haiwezi kuwa ya uongo.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mzee Abubakary, fundi cherehani. Zamani alishonea barabarani, watu wakipita wanamwona. Tangu yeye na wenzake walipoambiwa wapishe barabara, alikuwa anashonea kwenye korido ya nyuma ya ghorofa moja, mahali ambapo hata paka hupita kwa nadra. Wateja walipopungua, maoni yakaongezeka.

"Tatizo la nchi hii si pesa," alikuwa anasema. "Pesa ipo. Tatizo ni masikio. Mtu akishakalia kile kiti, masikio yanaziba. Na mimi nasema bila kumwogopa mtu, kwamba hawa..."

Hapo kijana mmoja asiyejulikana, shati limechomekewa na viatu vinang'aa, akatoa simu mfukoni na kuiinua juu. Kijiwe kikafa ganzi. Twaha akabaki na birika lake hewani. Mzee Abubakary akaitazama simu ile.

"...hawa mabeki wa pembeni hawapandi," akamalizia. "Ndiyo maana tunafungwa."

"Kweli kabisa, mzee wetu," kijiwe kikaitikia kwa pamoja. Waliokuwa hawafuatilii mpira ndio waliotikisa kichwa kwa nguvu zaidi.

Kijana yule alikuwa anapiga picha bango la duka ili amtumie mkewe. Akapiga, akaondoka, na serikali ikabaki salama hadi jioni.

Ignasi, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, aliyatazama yote haya kwa jicho la mfanyabiashara. Yeye hakuwa na maoni. Mtu anayeishi kwa kubembeleza wateja wa vyama vyote hawezi kumudu maoni. Alikuwa winga, na kwa bahati mbaya kwa wale ambao hawajawahi kununua kitu Kariakoo, itabidi tueleze. Winga ni mtu mwenye duka lisilo na mlango. Anakudaka barabarani, anakuapia kwamba unachotaka anacho, anakukalisha kwenye stuli ya mtu, anakimbia kwenye duka la mtu, anarudi na mzigo wa mtu, na anakuuzia kwa bei ya mwenye mzigo pamoja na cha juu chake. Ignasi alikuwa amekimbia hivyo tangu alipoingia mjini kutoka Masasi akiwa na mfuko mmoja wa korosho na ulimi.

Sasa alikuwa amechoka kukimbia. Alitaka fremu. Kulikuwa na chumba kidogo kando ya lile duka la kava za simu, na mwenye duka alikuwa tayari kumwachia kwa kilemba, ile pesa ya kumshukuru anayekupisha kabla hata hujaanza kulipa kodi. Ignasi alikitamani chumba kile mpaka akawa anakiota. Angekaa humo kwenye kiti, jina lake limeandikwa juu ya mlango, na mawinga wengine ndio wangekimbia kumfuata. Ila kilemba cha Kariakoo hakichangwi kwa cha juu cha soksi.

Jioni ile akamfuata Mzee Abubakary koridoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ignasi."

"Mzee, simu yako inapata moto?"

"Inapata."

"Chaji inaisha haraka?"

"Adhuhuri haifiki."

"Ukimpigia mtu, kuna wakati unajisikia mwenyewe kwa mbali?"

Mzee akaacha kukanyaga cherehani. Hakuna simu ya bei nafuu hapa mjini ambayo haina magonjwa hayo matatu, lakini mtu akiulizwa moja moja huona anazungumziwa yeye peke yake.

"Mzee wangu," Ignasi akasema, akivaa uso wa msibani, "unasikilizwa."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mzee angeogopa, angeomba msaada, na yeye angemwambia yupo mtu huko juu anayeweza kumtoa kwenye mitambo, bila shaka kwa shukrani kidogo. Lakini Mzee Abubakary hakuogopa. Alinyoosha mgongo, akaweka sawa kofia yake.

"Na nani?"

"Na wakubwa."

"Wananisikiliza mimi?"

"Kila neno."

"Na lile la masikio, la leo, walilisikia?"

Ignasi akababaika kidogo. "Walilisikia. Sasa, kuna mtu wangu anaweza kukutoa..."

"Kunitoa!" Mzee akaruka. "Kunitoa wapi, wewe mtoto? Una wazimu? Nimezunguka na ombi langu la eneo la kushonea, ofisi hii mpaka ile, kila ninapoingia naambiwa njoo kesho. Leo unaniletea habari kwamba kuna mtu amekaa ananisikiliza, halafu unataka nimkimbie?"

Winga aliyekomaa hagombani na mteja. Mteja akija kutafuta viatu vyeusi kisha akapenda vyekundu, vyekundu ndivyo vilivyokuwa vinamsubiri tangu asubuhi. Ignasi akameza uongo wa kwanza na kutema wa pili.

"Hapo umenena, mzee. Ila nisikufiche, upo daraja la chini. Daraja la chini linasikilizwa na mashine. Mashine haina utu, inaokota matusi tu. Ukitaka kusikilizwa na binadamu, inabidi upandishwe daraja la dhahabu."

"Nipandishe," akasema Mzee Abubakary, na mkono ulikuwa umeshaingia kwenye kibindo.

Kesho yake simu ya mzee ilikuwa na stika ndogo ya dhahabu mgongoni, inayometameta ukiigeuza juani. Aliambiwa iwe siri. Alijitahidi sana kuitunza siri hiyo, na ndiyo maana aliiweka simu kifudifudi mbele ya kila mtu kijiweni na kukohoa mpaka akaulizwa.

Baada ya hapo Ignasi hakuhitaji tena kutafuta wateja. Kijiwe kizima kiliona kimedharauliwa. Athanas, muuza mabegi, ambaye alikuwa anaipinga serikali tangu enzi za simu za mezani na kuipinga mara mbili tangu aingie TikTok, alimvuta Ignasi chemba huku amekasirika.

"Mimi naongea laivu kila usiku, watu wananitazama mpaka Mbeya, halafu fundi cherehani ndiye apewe dhahabu? Mwanangu, hiyo ni haki kweli?"

"Wewe walikuwa wanakuogopa," Ignasi akamwambia. "Ngoja nikuombee."

Twaha naye akadai yake. "Maoni yote ya hapa yanapita mbele ya birika langu," alisema. "Nikikosa stika mimi, nani apate?"

Ikaja hali ambayo haijawahi kuonekana pale konani. Watu walianza kuongea na adabu. Kila mmoja aliinamia simu yake na kusema taratibu, akitamka silabi zote. "Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, ule mtaro wa nyuma umeziba." "Mheshimiwa, habari za asubuhi, naomba kukumbusha kuhusu ushuru." Athanas aliendelea kupinga kila kitu, lakini sasa alipinga kwa kuanza na neno tafadhali. Kuna watu wamepata shahada za juu kwa kuandika namna ya kuwakutanisha wananchi na viongozi wao. Ignasi alifanya kazi hiyo kwa bunda moja la stika, na hakudai posho ya kikao.

Bunda lenyewe alilinunua kwa bei ya jumla kwa Candida.

Candida ndiye mwenye duka la kava za simu, na ndiye aliyekuwa anamwachia mtu fremu kwa kilemba. Mwanamke wa Rombo, mnene kiasi, mpole wa sauti, aliyekaa siku nzima kwenye stuli ndefu nyuma ya kaunta, akitazama kijiwe kinavyoendesha nchi. Maoni hakuwa nayo, kwa sababu maoni hayana bei ya jumla. Zile stika za dhahabu zilikuwa za kubandika kwenye simu zenye waranti. Alipoziona zinaota kwenye simu za watu wazima waliokuwa wanaziamkia, akamwita Ignasi ndani.

"Mambo, Ignasi."

"Poa, da Candida. Kilemba chako kinakaribia. Nivumilie kidogo tu."

"Navumilia. Hebu niambie, stika zangu za waranti zina kazi gani kwenye simu ya Mzee Abubakary?"

Ignasi akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Hizo si zako tena, da Candida. Zimepita kwa mkubwa. Hata wewe naweza kukufanyia mpango."

"Mkubwa gani?"

Hapa ndipo Ignasi alipoharibu, na aliharibu kitu ambacho winga wa siku ya kwanza hafundishwi mara mbili. Mzigo unautaja, bei unaitaja, mwenye mzigo humtaji. Mteja akishamjua mwenye mzigo, atakuruka aende mwenyewe, na wewe utabaki unatafuta cha juu kwenye mfuko mtupu. Ignasi alilijua hilo kuliko sala ya Baba Yetu. Lakini Candida alikuwa anamtazama kwa yale macho ya kukagua noti, na uongo usio na jina ulionekana uchi mno mbele ya macho yale.

"Bwana Theophil," akasema. "Ghorofa ya saba."

"Jengo gani?"

"Hilo siwezi kusema, dada yangu. Lakini ni mtu wa kwenu huko huko." Alisema hivyo kumfurahisha tu, kama tunavyofanya wote tukitaka kupunguziwa bei.

"Kwetu wapi? Machame?"

"Rombo."

"Rombo," Candida akarudia polepole. Akachukua kitambaa, akapangusa kaunta iliyokuwa safi tayari. "Haya, Ignasi. Asante."

Jumatatu iliyofuata, kijiwe kikiwa kimejaa, Candida alitoka nje ya duka lake, jambo ambalo halikuwa kawaida. Akaagiza kahawa. Hilo nalo halikuwa kawaida. Akailipia, na hapo watu wakajua kuna jambo.

"Ignasi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "jana baada ya misa nimeonana na Bwana Theophil."

Kahawa ilimpalia Ignasi.

"Kumbe ni mtoto wa mama yangu mdogo! Rombo yote sisi tunajuana, sijui kwa nini hukuniambia mapema. Anawasalimu sana. Mzee Abubakary, wewe amekutaja kwa jina."

"Kwa jina?" Mzee akanong'ona.

"Kwa jina. Ila Ignasi, analalamika kidogo. Anasema fungu lake halijamfikia tangu kazi ianze. Mimi nikamtetea, nikamwambia Ignasi ni mtu mwaminifu. Amesema atapita mwenyewe kesho."

Macho yote yakamgeukia. Uongo ukiwa wako peke yako, ni mali yako. Mtu wa pili akishauongezea chake, mmeshakuwa na ubia, na Ignasi aliona wazi kwamba katika ubia huu hisa zake zilikuwa chache.

"Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi," akasema.

Kesho yake Bwana Theophil akaja. Alikuwa mtu wa kitambi cha heshima, Kaunda suti ya kijivu, miwani, na gazeti kwapani. Kwa kweli aliitwa Godbless, mshereheshaji wa harusi na misiba wa Tabata, aliyemwoa mdogo wake Candida. Shemeji yake alikuwa amemkataza kabisa kuongea, kwa kuwa mshereheshaji akishafungua mdomo hakuna anayejua atafunga lini. Kwa hiyo alikaa kwenye benchi, akaweka mikono juu ya magoti na kusema, "Nasikiliza."

Kijiwe chote kilisimama. Athanas, mpinzani wa TikTok, alimpisha kiti kisha akakifuta kwa leso yake mwenyewe. Mzee Abubakary akasogea. Alieleza habari ya cherehani, alivyoinunua kwa jasho na alivyoifikisha kwenye ile korido. Alieleza jinsi anavyosikia watu wakipita upande wa barabara, wakicheka na kununua, na hakuna anayejua kwamba nyuma ya ukuta kuna fundi. Hakutukana mtu. Alieleza tu, na alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka.

Godbless alikuwa ameshuhudia misiba mingi na kulia kwa malipo, lakini safari hii alivua miwani akafuta macho bila kuagizwa na mtu.

"Nimekusikia, mzee," akasema.

"Basi," Candida akaingilia haraka, kabla huruma haijaharibu biashara. "Ignasi, mzigo wa mkubwa."

Ignasi alisimama. Neno lilikuwa mdomoni kabisa: huyu si Theophil! Lakini akaliwaza hadi mwisho. Wangemuuliza, basi Theophil yuko wapi? Jibu la kweli lilikuwa moja tu, na jibu hilo lingezaa neno mwizi, na neno mwizi likishatamkwa pale Kariakoo hukimbia kuliko miguu ya aliyeitwa. Akatazama chumba kidogo kando ya duka la kava, na mlango wake mtupu uliokuwa unangoja jina. Alitaka kulia kuliko Godbless.

Akaenda ghetoni kwake. Akarudi na bahasha. Kilemba chote kilikuwa ndani yake, na aliikabidhi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa unapompa mtu mkubwa.

"Endelea kuwatumikia wananchi," akasema Godbless, na kijiwe kikapiga makofi.

Jioni Ignasi aliingia dukani kwa Candida.

"Da Candida, ile ni hela ya fremu."

"Ipi?"

"Ile niliyompa yule."

"Bwana Theophil?"

"Da Candida! Mimi na wewe tunajua hakuna Bwana Theophil."

"Sasa kawaambie wale pale nje. Mimi nitakusikiliza nikiwa hapa hapa."

Ignasi akageuka akatazama nje. Mzee Abubakary alimpungia mkono kwa furaha.

"Usinichukie," Candida akasema, na alisema kwa upole wa kweli. "Mwenye mzigo ulinitajia mwenyewe. Nikishamjua mwenye mzigo, winga wa nini?"

Siku hizi Ignasi yuko Buguruni. Anauza mitumba ya watu kwa cha juu, anakimbia kama zamani, na ukimuuliza mzigo umetoka kwa nani, anakutazama kama umemtukania mama. Ile fremu Candida ameigeuza stoo.

Ingekuwa heri hadithi iishie hapo, Candida ashinde, nasi tujifunze jambo. Lakini Candida alikuwa na huruma pia, ingawa ya rejareja. Machozi ya Mzee Abubakary yalimkaa rohoni. Wengine walistahili kuibiwa, alijiambia, mzee hapana. Siku moja, duka likiwa halina mteja, akamwita ndani na kumsogezea bahasha ndogo juu ya kaunta.

"Hii nini, binti yangu?"

"Ni hela yako, mzee. Ile uliyompa Ignasi. Ulipigwa. Zile stika ni zangu, za waranti. Na yule bwana aliyekuja hapa ni shemeji yangu, anasherehesha harusi."

Mzee hakuigusa bahasha.

"Aliniambia amenisikia," akasema.

"Alikusikia, ndiyo. Ila si mkubwa wa popote."

"Na huku kwenye simu?"

Candida alihisi vibaya, lakini kazi nusu hakuizoea. "Kwenye simu hakuna mtu, mzee wangu. Hakuna anayekusikiliza."

Mzee Abubakary alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Candida aliogopa kwamba angelia tena, na safari hii hakukuwa na wa kulia naye.

"Ofisi zote nilizoingia," mzee akasema mwishowe, "zina watu. Nimewaona kwa macho yangu. Wamekaa, wana meza, wana feni. Wote waliniambia njoo kesho. Huyu ambaye unasema hayupo, hajaniambia njoo kesho hata mara moja."

Akairudisha bahasha upande wa Candida kwa kidole kimoja. Kisha akatoa simu, akaipangusa stika kwa upindo wa kanzu, akaileta karibu na mdomo.

"Mheshimiwa, habari za mchana. Samahani kwa usumbufu. Niko hapa Mchafukoge, duka la kava za simu, kwa binti mmoja anaitwa Candida. Ni mtu mzuri. Ila anatangaza kwamba wewe hupo na kwamba hakuna anayesikiliza. Naomba umwelimishe."

Candida akacheka. Alicheka vizuri tu, kwa kifua chote, kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe. Aliitazama simu ya mzee, imeshikwa hewani katikati yao, kioo kinawaka. Akakumbuka aliyoyasema juzi kwenye simu na mdogo wake kuhusu mzigo uliopitia njia ya panya kukwepa ushuru. Akakumbuka na ya wiki iliyopita. Nje, kijana mmoja mwenye shati lililochomekewa alikuwa amesimama akichagua kashata, na alikuwa anachagua taratibu mno.

Mzee hakuishusha simu. Alikuwa anasubiri, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuongea.

Candida akainama juu ya kaunta, akasogeza mdomo wake.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "mimi risiti natoa."